Rotuli inalia mbele ya kukatika

Bihambwe. — Asubuhi na mapema, wakati ukungu bado umelalia vilima, mtu wa huku kwetu anasikia kamioneti mbele ya kuiona. Injini inapanda pole pole, na kwa kila shimo la barabara inatoka sauti ingine chini ya gari: ko! ko! Wengi tumeizoea ile sauti kama tunavyozoea jogoo wa jirani. Tunapanda juu ya mizigo, tunashika kamba, tunaenda kazi. Leo nataka tuongee juu ya hiyo sauti, kwa sababu mara nyingi ni rotuli inayokwisha. Na rotuli ikikatika, gurudumu la mbele linalala chini kama mtu aliyepigwa goti.

Mimi si mekanisie. Mimi ni mtu wa sendika, nimeandika barua nyingi juu ya usalama wa wachimbaji barabarani. Lakini msimu wa mvua uliopita, gari iliyokuwa inalia ilikuwa yangu.

«Uliandika ni barabara?»

Ni Hilux ya zamani. Siku ya soko inabeba viazi na maharagi ya wakulima, siku zingine makala, siku zingine wachimbaji na mifuko yao. Ililia wiki mbili. Nilisikia vizuri. Nikajiambia: minervale ya watoto kwanza, rotuli kisha.

Siku moja tulikuwa tunatoka Mushaki. Bibi yangu alikaa kando yangu, mtoto mdogo mikononi. Akaniuliza: «Baba watoto, hii gari iko nalia nini huku mbele?»

Nikajibu: «Ni barabara tu.»

Akanyamaza mpaka tukapita Matanda. Kisha akasema: «Na ile barua uliandikia benye magari, uliandika ni barabara?»

Sikupata jibu. Barua ile ilikuwa juu ya mwenzetu mmoja wa shimo letu. Miaka michache iliyopita alipanda kamioneti ya mtu, wakashuka toka Mushaki kwenda Sake, watu kumi na moja juu ya mizigo. Mu kona moja gurudumu la kushoto likajikunja. Kwa bahati gari iliangukia upande wa mlima. Ingeangukia upande wa pili, tungezika watu kumi na moja. Mguu wa mwenzetu ulibaki chini ya mifuko. Leo anatembea na fimbo mbili. Bibi yake njo anatafuta chakula cha nyumba, na watoto wawili wakubwa waliacha masomo.

Shofere alisema mbele yetu wote: sauti aliisikia tangu wiki tatu, akamwambia mwenye gari, na mwenye gari akajibu angoje mwisho wa mwezi. Tulikasirika sana. Na sasa mimi, niliyeandika barua, nilikuwa nangoja mwisho wa mwezi.

Rotuli ni kitu gani?

Angalia nyonga ya mtu. Kichwa cha mfupa ni mviringo, kinakaa ndani ya kikombe chake, kinageuka kila upande bila kutoka. Rotuli ni vile vile: kitufe cha chuma ndani ya kikombe cha chuma, na gresi katikati, na kimfuko cha mpira cha kuzuia maji na vumbi. Toka kwa kile kitufe inatoka shina yenye umbo la kabari, inaingia ndani ya tundu la chuma kinachoshika gurudumu, kile mafundi wanaita fuze. Njo rotuli inaacha gurudumu lipande na lishuke, na papo hapo ligeuke kushoto na kuume.

Kwa Hilux yenye resori mbele, kila gurudumu la mbele liko na rotuli mbili za kubeba: moja ya juu, moja ya chini. Jumla nne. Tena kuna rotuli za direksio, zile zinazovuta gurudumu unapogeuza vola. Ya chini njo inachoka sana, kwa sababu pale resori inakaa juu ya mkono wa chini, rotuli ya chini njo inabeba uzito wa mbele.

Mwenye Land Cruiser ya kamioneti, ile ya aina ya 79 tunayoona sana huku, asiende kununua rotuli za kubeba. Gari ile iko na ekseli moja nzima mbele, na fuze yake inageukia juu ya rulema, si juu ya rotuli. Rotuli zake ni zile za direksio tu. Ikilia au ikitetemeka mbele, fundi ataangalia zile rulema, rulema za gurudumu, na rotuli za direksio. Nimeona mtu ametoka Goma na rotuli nne ndani ya karatoni, gari yake haina mahali pa kuziweka.

Kwa nini zinakufa mapema huku

Sababu ya kwanza ni kimfuko cha mpira. Jiwe la lava la upande wa Sake linakipasua, kisha tope la Masisi linaingia. Maji yanafukuza gresi, mchanga unasaga chuma. Ukiona kimfuko kimepasuka, hesabu kwamba rotuli imeanza kufa, hata kama bado hailii.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Hilux imetengenezwa kubeba karibu tani moja. Tuhesabu: mifuko 20 ya kilo 50, tani imekwisha timia. Na koltani ni nzito: mfuko unaoonekana mdogo uko na kilo nyingi kuliko mfuko wa unga. Kisha watu 12 wanapanda juu. Kama kila mtu ana kilo 65, tumeongeza karibu kilo 800. Kwa mahali pa sawa uzito mkubwa unabaki nyuma, lakini mu mushuko shofere anapokanyaga freni, uzito unakuja mbele, juu ya zile rotuli. Njo maana nyingi zinakatika mu mushuko na mu kona, mahali pabaya kuliko pote.

Na tusiseme ni shida ya barabara ya Congo peke yake. Mwaka 2005 Toyota iliita magari zaidi ya 700,000 kule Marekani, kamioneti za Tacoma na Tundra zikiwa ndani yake, ili rotuli za chini za mbele ziangaliwe na zibadilishwe. Kule wanatembea juu ya lami. Wao waliitwa kwa barua. Sisi hakuna atakayetuita, tutajiita wenyewe.

Kupima nyumbani na baramine

Kazi hii inataka watu wawili, kriki na baramine, ule mtaimbo wetu wa kila siku wa machimbo.

Simamisha gari mahali pa sawa, pagumu, bila mzigo. Funga freni ya mkono, tia mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Weka kriki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, mahali mkono ni mpana na sawa. Usiinue kwa shasi. Ukiinua kwa shasi, resori inasukuma mkono chini na kukaza rotuli, na rotuli iliyokufa itaonekana nzima. Ukiinua kwa mkono wa chini, kriki inabeba uzito, rotuli inalegea, nafasi yake inaonekana. Hii ni kwa Hilux zenye resori juu ya mkono wa chini, kama zile za tangu 2005. Kuna za mbele yake zenye chuma kirefu cha kujinyonga badala ya resori. Kwa hizo uliza fundi kwanza mahali pa kuweka kriki.

Inua mpaka pine iachane na udongo kidogo, upana wa vidole viwili. Tia baramine chini ya pine, mmoja anyanyue pole pole, mwingine aangalie rotuli na mwangaza wa telefone. Asitie vidole katikati ya vyuma. Kama rotuli inapanda na kushuka ndani ya kikombe chake, imekwisha.

Kisha shika pine juu na chini, utikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage freni, utikise tena. Kama mchezo umepotea, shida ni rulema ya gurudumu. Kama mchezo unabaki, angalia rotuli. Mwisho shika pine kushoto na kuume: ikicheza hapo, mara nyingi ni rotuli ya direksio.

Alama zingine utaziona bila kriki: pine inayokwisha upande mmoja tu, gari inayovuta upande, vola inayolia kama mlango wa zamani unapogeuza.

Yangu, tulipoinyanyua na baramine, ya chini kushoto ilicheza mpaka kijana wangu akaruka nyuma. Ile gari njo ilibeba mama yake na mdogo wake toka Mushaki.

Kubadilisha: pale kifo kinakaa

Jirani yangu mzee, aliyefanya kazi ya garaji miaka mingi, alikuja na kofia yake na sanduku ya kle. Kitu cha kwanza alichosema: «Kijana, hii resori ikiruka haitakuuliza kama uko mutu wa sendika.»

Hilo neno lishikwe. Resori ya mbele imebanwa na uzito wa gari. Rotuli ikiachiliwa bila kitu cha kushika mkono wa chini, ule mkono unaruka chini kwa nguvu inayoweza kuvunja mtu mkono au kichwa. Kwa hiyo kriki inabaki chini ya mkono wa chini tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi. Na chini ya shasi weka vigogo vinene vya kalitusi, vilivyopangwa msalaba. Usitumie matofali ya udongo wala jiwe la lava: vinapasuka bila kukuonya. Pine ya akiba ilaze chini ya gari pia. Gari ikianguka, iangukie pine, isikuangukie wewe.

Tulifanya hivi. Jioni ya mbele yake tulisafisha ekuru na burashi ya waya, tukazimwagia mazutu, zikalala nayo. Asubuhi tulilegeza ekuru za gurudumu gari ikiwa bado chini, tukainua, tukaweka vigogo, tukatoa gurudumu. Tulipiga picha na telefone ili kukumbuka kila kitu kilivyokaa. Chuma cha freni tulikifunga na waya juu. Kisiachwe kuning'inia kwa mpira wa freni, maana ule mpira ukipasuka ndani hutauona mpaka siku freni inakosa.

Tukatoa gupiye, kile kisumari cha kupinda kinachozuia ekuru. Kisha tukalegeza ekuru ya rotuli bila kuitoa, tukaiacha imeshika nyuzi chache. Mzee akapiga nyundo kwa upande wa sikio la fuze, pale shina inapoingia, huku akishikilia nyundo ingine upande wa pili. Hakupiga shina yenyewe: ukiipiga kichwani inapanuka, nyuzi zinakufa, na kazi inakuwa mara tatu. Alipopiga mara ya tano au sita, ikalia pa! na kabari ikaachana. Ile ekuru tuliyoiacha njo ilizuia mkono usiruke. Hapo tu, kriki ikiwa imebeba mkono, tukatoa ekuru kabisa.

Kwa kamioneti ya 4x4 kuna kardani inayopita katikati. Usiache fuze ianguke na kuivuta. Ifunge na waya. Na fanya rotuli moja moja, upande mmoja kwanza, ili rotuli ya juu iendelee kushika fuze wakati unatoa ya chini.

Rotuli mpya iliingia safi. Tundu la kabari tulilipangusa mpaka likauke: pale hapatiwi gresi wala mafuta, chuma kinashika chuma. Gresi ni ya ndani ya rotuli, na kama iko na kichuchu cha gresi, uisukume mpaka kimfuko kivimbe kidogo, kisipasuke. Ekuru inakazwa kwa nguvu iliyoandikwa ndani ya kitabu cha gari, na kle ya kupima. Kama huna, iazime kwa garaji. Tundu la gupiye lisipokutana na ekuru, kaza kidogo tena mpaka vikutane. Usilegeze hata kidogo ili kukutanisha. Na gupiye iwe mpya. Msumari si gupiye.

Ya kuachia garaji

Kuna rotuli zinazofungwa na bulo; hizo mtu mwenye akili na kle nzuri anaziweza nyumbani. Kuna zingine zimeingizwa kwa nguvu ndani ya mkono wa chuma, zinataka presi. Hizo toa mkono mzima, upeleke garaji Sake au Goma. Ukiingiza rotuli mpya kwa nyundo nzito, unaiua mbele ya siku yake ya kwanza. Na kama tundu la kabari limepanuka au mkono umepinda, rotuli mpya haitasaidia kitu.

Wakati wa kununua, beba ya zamani mkononi. Linganisha shina, bulo na urefu. Tikisa ile mpya: isicheze, isiwe laini kama shingo ya kuku. Uliza bei ya mbili, kwa sababu ya kushoto ikifa, ya kuume imepita barabara ile ile.

Kazi ikiisha, paralelisme inaweza kuwa imebadilika. Tembea pole, bila mzigo, mpaka siku ya kufika kwa garaji yenye mashine ya kuipima. Baada ya kilometa mia moja hivi, rudi chini ya gari, uangalie gupiye na ekuru zote.

Nani analipa?

Rotuli moja mara nyingi haifiki bei ya pine mpya. Lakini anayeinunua si yule anayekaa juu ya mifuko, na njo pale shida inaanzia.

Kwa mfanyakazi aliyeandikishwa CNSS, ajali ya njiani kati ya nyumba na kazi inahesabiwa kama ajali ya kazi. Lakini mchimbaji wa mikono ambaye hakuandikishwa mahali popote, akivunjika mguu juu ya kamioneti ya mtu, familia yake inabaki na fimbo mbili na deni la hospitali. Mwenzetu hakupata kitu. Kwa hiyo tusingoje sheria ituokote chini ya gari.

Shina letu la sendika limekubaliana mambo matatu. La kwanza: Jumapili kisha misa na ibada, gari zinazobeba wachimbaji zinapimwa na baramine mbele ya watu, na yangu inakuwa ya kwanza. La pili: shofere akisema gari inalia, hakuna mchimbaji anayepanda mpaka iangaliwe, na shofere huyo hafukuzwi kwa sababu amesema. Tutasimama naye. La tatu: watu hawapandi juu ya tani nzima. Mzigo uende safari yake, watu waende yao.

Wenye gari wengine walinung'unika. Mmoja alisema: «Nyinyi mutanimalizia siku.» Ni kweli, siku inaisha. Mimi pia nilipoteza siku mbili na franga za minervale, na mkuu wa masomo alinikubalia kulipa nusu kwanza kisha nusu. Haya nilipaswa kumwomba tangu wiki ya kwanza, lakini nilikuwa na haya.

Ile rotuli ya zamani sikuitupa. Mu mkutano uliopita niliizungusha, kila mtu akaitikisa ndani ya mkono na kuisikia. Ilipofika kwa mwenzetu wa fimbo mbili, alikaa nayo muda mrefu. Akaniuliza: «Ni kakitu kadogo hivi?»

Nikamwambia ndiyo. Akanirudishia, akasema Jumapili atakuja kushika mwangaza wakati tunapima, maana kazi ya kushika mwangaza haitaki miguu.